Surua iliyokataa kutoka nje

MALEMBA-NKULU. Mwaka 2015, surua ilipokuwa ikipita kijiji kwa kijiji katika zoni ya afya ya Malemba-Nkulu, mama mmoja alifika kwenye kituo cha afya akiwa amembeba mgongoni binti yake wa miaka mitano. Binti alijaa vipele kuanzia nyuma ya masikio mpaka magotini, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelala kwenye moshi wa kukausha samaki. Mama alikuwa ametoka alfajiri, akavuka mto kwa mtumbwi, akatembea tena mpaka jua lilipokuwa kichwani. Kadi za chanjo hakuwa nazo. Zilibaki ndani ya nyumba iliyochomwa moto upande wa Mitwaba, siku familia ilipokimbia.

Munganga aliyempokea alimtazama mtoto mdomoni, akamsikiliza kifuani, akamfungua kope kidogo kidogo. Kisha, badala ya kusema ugonjwa ni gani, akauliza swali ambalo mama hakulitegemea.

"Mama, nyumbani umeacha nani?"

"Nimeacha mdogo wake, munganga. Ana miaka miwili."

"Naye ana joto?"

"Ana joto na kikohozi tu. Huyo si mgonjwa sana. Kwake surua haikutoka."

"Miguu yake ikoje?"

Mama alinyamaza kidogo. "Imevimba. Ni bwaki. Tangu tufike huku hajala vizuri."

Munganga akasimama, akatoka mlangoni, akaanza kuuliza watu waliokaa chini ya mwembe ni nani mwenye kinga yenye matairi mazima.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye neno hilo, kwa sababu limewachanganya wasikilizaji wengi. Huku kwetu Katanga kinga ni baiskeli. Lakini katika matangazo ya afya, kinga ni ile nguvu ya mwili inayopigana na magonjwa. Mzee mmoja aliposikia redioni kwamba mtoto mwenye bwaki "hana kinga", alicheka akasema hata yeye hana, na anatembea kwa miguu miaka yote. Siku ile mtoto wa miaka miwili alikuwa amekosa kinga ya mwili, na ilibidi itafutwe kinga ya magurudumu mawili ili afikishwe kituoni.

Kijana mmoja anayesafirisha samaki wakavu alikubali kwenda. Alipewa alama za nyumba: karibu na kanisa la majani, ambapo wakimbizi kutoka milimani wamejenga. Akaondoka.

Nyumbani kule mtoto alikuwa mikononi mwa nkambo yake. Nkambo alikuwa na mawazo yake kuhusu surua, na si mawazo ya kuchekwa. Watu wa zamani wanasema surua lazima itoke nje. Ikitoka kwenye ngozi, mtoto anapona. Ikibaki ndani, au ikitoka kisha "ikarudi ndani", mtoto anakufa. Ndiyo maana familia nyingi hufurahi kuona vipele, na mtoto asiye na vipele wakidhani surua haijamfikia, au wakaanza kuilazimisha itoke: wanampaka majani, wanamfunika nguo nzito kwenye joto, wanampa dawa ya kuharisha, wanamwekea maji ya mizizi machoni. Nkambo alikuwa ameanza na majani.

Sasa, katika maneno hayo ya wazee kuna kitu cha kweli na kuna kitu cha hatari, na vimefungwa pamoja kwa kamba moja. Ili kuvifungua inabidi kufuata safari ya virusi vya surua ndani ya mwili, toka pumzi ya kwanza.

Virusi vinaingia kwa njia ya hewa. Mtu mwenye surua akikohoa ndani ya nyumba, virusi vinaweza kubaki hewani karibu saa mbili hata baada ya yeye kutoka. Mgonjwa mmoja, kati ya watu wasio na chanjo, anaweza kuambukiza wengine 12 mpaka 18. Ni wachache sana duniani, kati ya magonjwa yote yanayojulikana, yanayoambukiza namna hiyo. Katika kambi, ambapo familia tatu zinalala chini ya hema moja, hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Mtu anaweza kudhani virusi vikifika mapafuni vinaanza kula mapafu hapo hapo. Sivyo. Ndani ya mapafu kuna chembe zinazofanya kazi ya askari wa doria: zinameza vumbi, vijidudu na kila kisichotakiwa. Virusi vya surua vinawaingia hao hao askari. Askari, bila kujua amebeba nini, anarudi kambini kwake kutoa taarifa, na kambi ni zile tezi zilizo shingoni, kwapani, kifuani na tumboni. Huko virusi vinakuta chembe nyeupe za damu zimejaa, na juu ya nyingi ya chembe hizo kuna mpini ambao virusi vya surua vinaushika kama mtu anavyoshika mpini wa jembe. Vinaingia, vinazaliana, vinatoka vingi.

Baada ya hapo inaanza safari ya mtoni. Yeyote anayeishi kando ya Lualaba anaielewa bila picha. Bidhaa ikishapakiwa kwenye bwato, inafika Mulongo, inafika Ankoro, inafika kila bandari ndogo ambayo mto unapita. Mishipa ya damu ndiyo mto wa mwili. Virusi vya surua mara nyingi havielei peke yake ndani ya damu. Vinapanda ndani ya chembe nyeupe, na chembe nyeupe ina ruhusa ya kupita kila mahali. Inafika kwenye wengu, kwenye ini, kwenye matumbo, kwenye ngozi, kwenye macho. Siku hizo mtoto bado anacheza. Toka kuambukizwa mpaka vipele kuonekana zinapita kama siku 14, na joto huanza siku chache kabla ya vipele.

Mwisho wa safari virusi vinarudi kwenye njia ya hewa, ila sasa vinatoka upande wa ndani, toka kwenye damu, vikiingia kwenye ngozi laini ya koo na mapafu. Hapo ndipo kikohozi kinaanza na mtoto anaanza kuwaambukiza wengine, siku nne kabla hata ya kipele cha kwanza.

Je, vipele ni nini? Hapa ndipo nkambo na munganga wanakutana. Virusi vikifika kwenye mishipa midogo midogo ya ngozi, ile myembamba kuliko unywele, vinaingia kwenye chembe za hapo na kusambaa kwenye ngozi iliyo jirani. Mwili wenye kinga unatuma chembe zake za kupigana, zinazotafuta kila chembe yenye virusi na kuiua. Mapigano hayo, pembeni ya mishipa midogo, ndiyo yanayofanya ngozi iwe nyekundu na kuvimba. Kipele cha surua, kwa sehemu kubwa, ni alama kwamba jeshi la mwili limefika. Kwa hiyo wazee waliona vizuri: mtoto ambaye surua "imetoka" ana nafasi kubwa ya kupona, kwa sababu mwili wake unapigana.

Na mtoto ambaye jeshi lake limekwisha? Huyo virusi vinapita kwenye damu yake bila mtu wa kuvizuia, vinafika kwenye mapafu, vinafika kwenye ubongo, na ngozi inabaki safi. Hana vipele kwa sababu hakuna anayepigana. Kosa la wazee liko hapa: walidhani kuna kitu kimefungwa ndani ambacho kikifunguliwa mlango kitatoka. Majani hayawezi kuita jeshi ambalo halipo. Na dawa ya kuharisha inachukua maji na nguvu kidogo iliyobaki kwa mtoto. Maji ya mizizi machoni ni mabaya zaidi, maana surua na upungufu wa vitamini A tayari vinalichubua jicho. Watoto wengi wa Afrika waliopofuka baada ya surua walipofushwa na vitu vyote hivyo kwa pamoja.

Jambo la surua bila vipele halikugunduliwa Kongo. Mwaka 1959, huko Boston, Marekani, John Enders na wenzake waliandika habari za watoto waliokufa kwa ugonjwa wa mapafu ambao chembe zake, zikitazamwa kwa darubini, zilikuwa zimeungana na kuwa kubwa ajabu. Kati yao alikuwemo mwenye saratani ya damu. Hawakuwa na vipele. Lakini katika mapafu yao vilipatikana virusi vya surua. Enders ndiye yule yule ambaye miaka mitano kabla, mwaka 1954, pamoja na Thomas Peebles, alifaulu kuvitoa virusi vya surua kwenye damu ya mwanafunzi mmoja wa huko, David Edmonston, aliyekuwa na vipele mwili mzima. Walivipata ndani ya damu. Ni vizuri kulikumbuka hilo. Toka kwa virusi vya mtoto yule ilitengenezwa chanjo iliyoanza kutumika mwaka 1963, na mpaka leo chanjo nyingi za surua duniani ni wajukuu wa virusi vile.

Karibu na sisi, Lusaka, ng'ambo ya mpaka tu, waganga walifuatilia watoto wenye virusi vya SIDA waliopata surua. Kwa mtoto wa kawaida, siku nne baada ya vipele kuanza, hatari ya kuambukiza wengine inakuwa imekwisha. Lakini kwa wengi wa watoto wale wa Lusaka, alama za virusi vya surua zilikutwa bado mwilini mwezi mzima na zaidi baada ya vipele, mara nyingi kuliko kwa wenzao wasio na virusi vya SIDA. Mwili dhaifu unashindwa kufagia nyumba yake.

Huku Malemba-Nkulu wagonjwa wa saratani ya damu hawajazi vituo vya afya. Udhaifu wa kinga hapa una majina mengine: bwaki, SIDA, kifua kikuu, malaria inayorudi kila mwezi. Na wa kwanza kati ya hayo yote ni njaa. Chembe za kupigana zinajengwa kwa chakula. Mtoto anayekula bukari ya mihogo asubuhi na bukari ya mihogo jioni, bila samaki, bila maharage, bila karanga, anajaza tumbo na kuacha jeshi bila mshahara. Inauma kusema hivyo katika eneo ambalo samaki wa Lualaba na wa ziwa Kisale wanapakiwa kila siku kwenda kuuzwa mbali. Familia zilizokimbia vita hazina nyavu, hazina mtumbwi, hazina shamba. Samaki wanapita mbele ya macho yao.

Kijana wa kinga alirudi jioni, na nkambo amekaa nyuma, mtoto kafungwa kifuani kwa kitenge. Nkambo alikuwa amekasirika. Alisema hajawahi kuona mtu anamwacha mgonjwa na kumwita mzima.

Munganga hakubishana naye. Alimvua mtoto nguo, akatazama saa yake, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa umri ule akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, hiyo ni alama ya mapafu kushikwa. Huyu alifika 62. Ubavu ulikuwa ukizama ndani kila akivuta hewa. Kisha munganga akamfungua mdomo, akamwita nkambo asogee atazame kwa tochi: ndani ya mashavu, karibu na magego, kulikuwa na vitone vyeupe kama chembe za chumvi juu ya nyama nyekundu.

"Nkambo, ngozi imenyamaza, lakini mdomo umesema."

Vitone hivyo vina jina la daktari wa New York, Henry Koplik, aliyevieleza mwaka 1896. Si kila mtoto anaonyesha, na havikai siku nyingi. Mtoto huyu alivionyesha, na ni bahati, kwa kuwa katika kituo kidogo cha kijijini hakuna mashine ya kupima damu kwa ajili ya surua. Damu inachukuliwa kwa wagonjwa wachache na kusafirishwa mbali, na majibu yanarudi mtoto ameshapona au ameshazikwa.

Dawa ya kuua virusi vya surua haipo. Hilo watu wengi hawalipendi kusikia. Kinachofanyika ni kuusaidia mwili usife wakati unatafuta nguvu. Watoto wote wawili walipewa vitamini A siku ile na siku iliyofuata, vitone vyenye vipimo 200,000 kila mara, ambacho ndicho kiasi cha mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Wa miezi sita mpaka kumi na moja hupewa nusu yake, na wa chini ya miezi sita robo. Dawa hiyo inapunguza vifo na inalinda macho, nayo ni rahisi kuliko chupa ya mafuta ya ngazi. Mdogo alipewa pia antibiotiki, maana virusi vya surua vikishavunja ngozi ya mapafu, vijidudu vingine vinaingia kama wezi kwenye nyumba isiyo na mlango. Akapewa maziwa ya kutibu bwaki kwa kikombe, kidogo kidogo, usiku na mchana. Na alilazwa peke yake, mbali na watoto wengine wa bwaki, kwa muda mrefu kuliko dada yake. Mama aliona hiyo kama adhabu mpaka alipoelezwa: mtoto asiye na kinga anaweza kutoa virusi kwa wiki nyingi, na jirani zake wa kitandani ni watoto wasioweza kuvipokea.

Siku ya pili munganga alimwomba mama ruhusa ya kumpima mtoto virusi vya SIDA. Ilisemwa kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, na majibu yalibaki kati yao. Lakini ni vizuri wasikilizaji wajue sababu. Mtoto mwenye virusi vya SIDA anayekunywa dawa zake kila siku anajenga upya jeshi lake, na anaweza kuchanjwa. Mtoto kama huyo, na watoto wote katika kambi za wakimbizi au wakati wa mlipuko, wanaweza kupewa chanjo ya kwanza wakiwa na miezi sita, kisha wanarudia wakifika miezi tisa kama wengine. Ni yule tu ambaye kinga yake imeshuka kabisa ndiye asiyepewa, kwa sababu chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mwili usio na nguvu kabisa unaweza kushindwa hata na hivyo. Kwa huyo, ulinzi ni majirani kuchanjwa. Bwaki yenyewe si sababu ya kukataa chanjo. Mtoto wa bwaki ndiye wa kwanza kuchanjwa.

Virusi vingine navyo vinapita njia hiyo hiyo ya damu. Tetekuwanga, ambayo kwa mtoto mwenye nguvu ni wiki moja ya kujikuna, kwa mtu asiye na kinga inaweza kushuka kwenye mapafu na ini. Polio inaingia kwa mdomo, inapita kwenye damu, inafika kwenye mishipa ya fahamu na kuacha mguu umelala. Haut-Lomami iliipata mwaka 2017, katika sura ya virusi vilivyotokana na chanjo ya matone na kuzunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa. Ebola inaharibu mpaka kuta za mishipa yenyewe. Lakini surua ina tabia moja ambayo nyingine hazina kwa kiasi hicho, na ndiyo iliyomsumbua mama yule kuliko siku za hospitali.

Mtoto alipona. Pumzi zilishuka, miguu ikapungua, ngozi ikaanza kubambuka kama maganda ya kitunguu. Nyumbani, kabla ya miezi mitatu kwisha, akaharisha vibaya. Akapona, akashikwa na kifua. Akapona, masikio yakatoa usaha. Dada yake naye, yule wa vipele vingi, ambaye kila mtu alisema ameshinda, akaanza kuugua magonjwa aliyokuwa ameyazoea. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Kumbe mkono ulikuwa wa surua ile ile. Chembe ambazo virusi vinazishika zaidi ni zile zinazotunza kumbukumbu. Mwili, ukishapigana na ugonjwa mmoja, unaweka askari wachache wanaoikumbuka sura ya adui, na surua inawaua hao. Daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, aliona mapema, mwaka 1908, kwamba watoto waliokuwa wakionyesha alama ya kifua kikuu kwenye ngozi walipoteza alama hiyo wakipata surua, kama kwamba mwili umesahau. Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa, kabla na baada ya surua: walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya silaha zao za zamani dhidi ya magonjwa mengine. Uholanzi wanakula maziwa na jibini kila siku. Kuirudisha kumbukumbu hiyo kunachukua miezi, hata miaka, na njia yake ni mwili kukutana upya na kila ugonjwa.

Lakini kumbukumbu moja inabaki, ile ya surua yenyewe. Mwaka 1846 surua iliingia Visiwa vya Faroe, ikapata karibu watu 6,000 kati ya watu kama 7,800. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alitumwa huko, akakuta wazee ambao hawakuugua hata kidogo: walikuwa wameugua surua mwaka 1781. Miaka 65 mwili ulikuwa bado unaikumbuka. Chanjo inampa mtoto kumbukumbu hiyo bila kumfutia nyingine.

Munganga aliposikia minong'ono ya uchawi, alikwenda mwenyewe mpaka kwa wakimbizi, siku ya Jumapili baada ya ibada, akakaa na nkambo. Haijulikani yote waliyoongea. Kinachojulikana ni kwamba nkambo hakuwekea mtu lawama, na kwamba samaki wawili wakavu walianza kufika nyumbani kwao kila juma toka kwa kijana wa kinga, kwa mkopo ambao hakuna aliyeuandika.

Mlipuko wa 2015 haukubaki Malemba-Nkulu. Ulisambaa katika Katanga ya zamani, mwaka ule ule Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne na Kamina ikawa makao makuu ya Haut-Lomami. Timu za serikali na za Waganga Wasio na Mipaka zilichanja watoto mamia ya maelfu, zikibeba mabokisi ya barafu kwa pikipiki, kwa mtumbwi na kwa miguu, kwa sababu chanjo ya surua inataka baridi ya digrii 2 mpaka 8, na chupa ikishachanganywa na maji yake, baada ya saa sita inatupwa. Kisha miaka minne baadaye surua ikarudi kwa nchi nzima. Serikali iliutangaza mlipuko mwezi wa sita 2019. Kufikia mwanzoni mwa 2020 watu zaidi ya 310,000 walikuwa wamedhaniwa kuugua, na zaidi ya 6,000 walikuwa wamekufa, wengi wao watoto wadogo. Wakati huo kila redio duniani ilikuwa inaongea Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, ambayo iliua watu wachache kuliko hao. Vifo vya surua havikuleta ndege nyingi.

Timu ya chanjo ilipofika kwa wakimbizi mwaka ule wa 2015, reko walipita hema kwa hema na kipaza sauti. Baadhi ya mama walijificha. Walisema watoto wao ni dhaifu mno kwa sindano, wasubiri wanone kwanza. Nkambo, ambaye hakuwa reko wala hakupewa fulana, alikaa kwenye njia inayotoka kambini kwenda mashambani, mahali ambapo wangepita wote waliotaka kukimbia, na mjukuu wake wa bwaki amemkalia magotini. Kila mama aliyepita na mtoto mgongoni alimsimamisha, akamvuta mtoto shavu, akamtazama ndani ya mdomo kwenye mwanga wa jua, ingawa hakuwa na tochi na labda hakujua vizuri anatafuta nini. Kisha akauliza: "Na nyumbani umeacha nani?"